Ekseli Iliyopimwa kwa Tepu ya Mama

Kosa langu la kwanza kubwa, lile ninaloweza kulitaja kwa sentimita, lilikuwa kupima ekseli ya nyuma ya gari la shangazi kwa tepu ya mama ya kushonea nguo. Nilipima mara kumi na moja. Mara zote kumi na moja nilikosea kwa kiasi kilekile, na kwa kuwa majibu yalifanana nilijiona bingwa.

Wiki iliyopita jirani aliniomba nimfungulie difu ya pikapu lake, lile tumbo la gia katikati ya ekseli ya nyuma, na bolti ya mwisho ilipotoka harufu ikanipiga usoni. Sijui kama unaifahamu oili ya difu iliyozeeka. Si kama oili ya injini, ambayo ni harufu ya kawaida tu ya gereji. Hii inanuka yai viza na kiberiti kwa pamoja, na ikishika vidole hukaa siku mbili hata ukisugua kwa sabuni ya unga na sukari. Jirani alijifunika pua kwa kola ya shati. Mimi nilivuta pumzi mpaka mwisho. Nilikuwa nimerudi uani kwetu, mtaa wa Observatory, mwaka 2017, nina miaka kumi na mitatu, na mbele yangu gari la rangi ya chai ya mkandaa limeinuliwa nyuma juu ya stendi, na chini yake yametokeza mabuti mawili ya Shangazi Zodwa.

Shangazi ni mdogo wake baba. Wote wawili walizaliwa Morogoro, wazazi wao wakiwa uhamishoni wakati wa ubaguzi wa rangi, na familia iliporudi Afrika Kusini shangazi alikuwa na miaka kumi na minne. Baba alirudi na mchumba wa Kiluguru, ambaye ndiye mama yangu. Shangazi alirudi na ufundi. Kule walikokulia kulikuwa na karakana ya matrekta, na alishinda humo kuliko alivyoshinda darasani. Ndiyo maana katika nyumba yetu, ambamo mimi nilizoea kujibu kwa Kiingereza au Kizulu hata nilipoulizwa kwa Kiswahili, kulikuwa na sehemu moja ambapo Kiswahili pekee kiliruhusiwa, nayo ni chini ya gari. Difu, propela, hafshafti, beringi. Shangazi alisema vitu hivyo havina majina mengine, na anayeyajua mengine akamsaidie mtu mwingine.

Gari lenyewe lilikuwa la Kimarekani, la milango miwili, pua ndefu na mgongo mfupi, limetengenezwa kabla shangazi hajazaliwa. Babu alilinunua bila injini miaka michache baada ya kurudi. Kila Jumapili baada ya kanisa aliingia gereji na koti lake, akaketi nyuma ya usukani, akaweka redio ndogo juu ya dashibodi na kusikiliza mpira mpaka chakula kiive. Hakuliendesha hata mita moja. Alipofariki, shangazi akalirithi. Siku za kazi aliendesha basi la abiria mjini. Siku za mapumziko, kwa miaka sita, alilijenga gari la babu. Alilitia injini kubwa ya silinda nane iliyopimwa kuwa na nguvu za farasi mia tano na ushee, na giaboksi nene ya kubadilisha kwa mkono. Ilipowaka mara ya kwanza sahani za mama zililia kabatini, na mama akatoka na mwiko mkononi kuuliza kama tumegongwa.

Tatizo lilikuwa nyuma. Ekseli ilikuwa ileile iliyotoka nalo kiwandani, iliyoundwa kwa ajili ya injini ndogo na mzee anayekwenda kununua mkate. Shangazi alikuwa akilipeleka gari kwenye mashindano ya kasi mashariki ya jiji, barabara iliyonyooka ya mita mia nne, magari mawili yanasimama sambamba na kusubiri taa. Mara ya kwanza hafshafti, chuma kinachotoka kwenye difu hadi gurudumu, ilikatika kama karoti. Mara ya pili krauni, lile gurudumu kubwa la meno ndani ya difu, likanyolewa meno, na hapo nilikuwepo. Nilisikia mlio kama wa sufuria iliyojaa misumari inayotikiswa. Gari likasimama hatua ishirini tu kutoka mwanzo. Shangazi akashuka, akavua kofia, akaanza kusukuma, na wanaume waliokuja kumsaidia walisukuma huku wanacheka.

"Eish, Sista!" mmoja alipiga kelele kwa Kizulu. "Tuite basi likuchukue?"

"Mwenyewe ndiye dereva wa basi!" akajibu mwingine, na uzio mzima wa watazamaji ukaangua kicheko.

Shangazi alicheka nao. Mimi niliona shingo yake, na shingo haikuwa inacheka.

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakumcheka. Bwana Mutiso alikuwa Mkenya, mfanyakazi wa benki huko Sandton, mpole, viatu vyake daima vinang'aa. Alikuja kwetu kila mwisho wa mwezi kulitazama gari kama mtu anayemtembelea mgonjwa wodini. Alilitaka, wala hakuficha.

"Madam, hii gari unaiumiza bure," alimwambia shangazi wiki ile, akifuta vumbi kwenye boneti kwa leso yake. "Nipatie mimi. Haki ya Mungu sitaikimbiza. Nitakuwa naipanguza, Jumapili naipeleka church polepole, narudi."

"Farasi mia tano wakupeleke kanisani?"

"Na tufike wote wazima."

Shangazi aliitazama leso ile ikipita kwenye boneti. Kisha akasema maneno yaliyonifanya niache kutafuna. "Mashindano ya Septemba naenda. Ekseli ikivunjika mara ya tatu, njoo na trela ulichukue."

Bwana Mutiso hakufurahi kwa sauti, alikuwa na adabu. Alikunja leso yake mara nne tu, akairudisha mfukoni.

Basi kila mtu akawa na ushauri, na ushauri wa wote ulikuwa mmoja. Mafundi wawili wa mtaani walisema apunguze nguvu ya injini. Baba, aliyekuwa anafanya kazi Rustenburg na kurudi nyumbani mara moja kwa mwezi, alisema kwenye simu apunguze injini. Mama alisema, wifi, ipunguze tu, na majirani wapumzike. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za nyuma na bakuli la uji, nikauliza jambo lililokuwa linanisumbua tangu siku ya misumari.

"Shangazi, kwani ekseli inayoweza kuibeba injini hii ikoje?"

Aliweka kikombe chini. Alinitazama kama vile nimekuja nyumbani leo. "Sijui vizuri," alisema. "Katafute. Ukiipata, nitafunga hiyohiyo."

Lazima nikueleze nilikuwa mtoto wa namna gani. Nilikuwa mtoto wa wasiwasi. Nikikosea herufi moja nilichana ukurasa mzima na kuandika upya. Nilikuwa narudi mara tatu kuhakikisha geti limefungwa, na mara ya nne kuhakikisha kwamba nilihakikisha. Na nikiri pia kwamba sikuitafuta ekseli ile kwa kumpenda shangazi peke yake. Nilitaka siku moja wale wanaume wa uzioni wageuke waulize, nani kachagua hii, na jibu liwe mimi.

Nilisoma kama mtu anayefukuzwa. Kompyuta ya maktaba ilikupa nusu saa tu kisha unapanga foleni upya, nami nilipanga. Nyumbani nilitumia simu ya mama mpaka ikawa ya moto. Hakuna aliyenifundisha. Nilisoma ugomvi wa Wamarekani wazee waliotukanana mtandaoni kuhusu difu, nikaokota ukweli katikati ya matusi yao.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba farasi peke yao hawavunji ekseli. Tairi zikiteleza, nguvu zote zinaishia kwenye moshi. Ekseli inavunjika pale tairi pana na laini inaposhika lami, gari ni zito na halitaki kuondoka, na dereva anaachia klachi ghafla. Shangazi alikuwa na vyote vitatu. Kwa hiyo nilihitaji krauni yenye kipenyo kikubwa, kwa sababu meno yake ni mapana na yanagawana mzigo. Nilihitaji hafshafti nene, zenye meno mengi pale ncha inapoingia ndani ya difu. Na nilitaka ziwe zimefungwa kwa bolti upande wa nje, karibu na gurudumu, si kwa kile kibanio kidogo cha ndani, kwa sababu shafti ya kibanio ikikatika gurudumu nalo huondoka likaenda njia yake. Usiku nilimwona shangazi ndotoni akiendelea na magurudumu matatu. Niliandika yote kwenye daftari, kwa rula na kalamu nyekundu, na chini nikaacha mstari mmoja wazi kwa ajili ya upana. Ekseli yoyote imara ingekuwa ya gari kubwa zaidi, kwa hiyo ingepaswa kukatwa ili iingie chini ya gari letu. Kukata kunahitaji kipimo.

Hapo ndipo tepu inapoingia. Tepu ya chuma ya shangazi ilikuwa fupi na imepinda, kila nikiipitisha chini ya gari ilijikunja na kunichapa vidole. Ya mama ilikuwa laini, ya njano, inapita popote. Mama alishonea sebuleni, nguo za harusi na sare za kwaya za watu wa Yeoville, na tepu ile ilining'inia kwenye msumari pembeni ya cherehani. Sheria ilikuwa moja tu, tepu yake haiazimwi. Nilidhani ni uchoyo wa fundi. Siku aliyopeleka magauni Yeoville niliichukua, nikaingia chini ya gari, nikapima toka ncha hadi ncha ya ekseli. Sentimita mia moja arobaini na tano. Nikapima tena. Mara kumi na moja, kisha nikairudisha msumarini, nikiwa nimeifuta kwanza.

Tulikwenda kuitafuta kwa muuza vipuri vilivyotumika, kusini ya mji, uwanja mweusi wa oili ambapo ekseli zimelazwa safusafu kama magogo. Mwenyewe aliitwa Papa Dieudo, mtu wa Lubumbashi, kofia ya sufi hata jua likiwaka. Alimsalimia shangazi, kisha akashangaa shangazi alipokaa juu ya tairi na kuniachia mimi nizunguke.

"Weye mutoto, unatafuta nini apa?"

"Difu, Papa."

"Pont!" Ndivyo kwao wanavyoiita ekseli. "Iko mingi. Kamata hii." Akapiga kofi ekseli moja iliyotoka kwenye gari la kifahari, imepakwa rangi nyeusi inayong'aa. "Hii njo muzuri. Iko propre kabisa."

Ilikuwa nzuri kweli, na safi. Nikafungua daftari. Hafshafti zake zilikuwa nyembamba na zimefungwa kwa kibanio. Nikatikisa kichwa. Akanionyesha nyingine, na nyingine, na kila mara nilipiga magoti, nikapima, nikahesabu meno, nikatikisa kichwa. Nikamwona anamwangalia shangazi kana kwamba anamwuliza, huyu ni nani wako? Mwishoni, nyuma kabisa, chini ya bodi la lori, niliiona. Ilitoka kwenye lori dogo la mizigo. Ilikuwa na kutu, mbaya, ina tumbo kubwa kama chungu cha pilau. Bolti za nje. Shafti nene kuliko kifundo cha mkono wangu.

"Ile? Ile iko mubaya sana!" Papa Dieudo alicheka. Lakini alivuta hafshafti zake, akaning'iniza moja kwa kamba na kuigonga kwa nyundo ndogo. Ililia kama kengele, mlio mrefu usio na mkwaruzo. Akagonga nyingine ya pembeni, yenye ufa usioonekana, ikatoa *tap* fupi, kama mlango. "Unasikia? Ile imekufa. Hii yako iko bado naimba." Akaiweka mikononi mwangu, nzito, baridi. "Banakuya batu bakubwa hapa, banachagula na macho. Weye unachagula na daftari."

Nilivimba kichwa mpaka nyumbani.

Mkereza vyuma aliikata kwa kipimo changu, akachomelea ganda, akafupisha shafti na kuzichonga meno upya. Ilirudi Jumatano, imesafishwa, ya kijivu. Shangazi siku hiyo alinipa zawadi, tepu mpya ya chuma, ya kwangu. Niliinyoosha juu ya ekseli. Mia moja arobaini na tano, bila hata nywele ya kuzidi. Nilitaka kuimba. Na kwa furaha tu, kwa uroho wa kuona namba ileile tena, nikaenda kuinyoosha juu ya ekseli ya zamani iliyokuwa imeshafunguliwa na kuegemezwa ukutani.

Mia moja arobaini na nane.

Nilipima tena. Nilipima nikiwa nimesimama, nikiwa nimelala, kutoka kushoto, kutoka kulia. Nilikuwa nimekatisha chuma kwa sentimita tatu zisizorudi. Kila gurudumu lingeingia ndani sentimita moja na nusu, na upande wa ndani wa tairi ungelala juu ya springi na kusagika. Zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya mashindano.

Sasa nikuambie sehemu ninayoionea aibu kuliko kosa lenyewe. Nilinyamaza. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Shangazi alikuwa na zamu nyingi wiki ile, alipanga kuifunga Jumapili mchana, nami kila jioni nikaketi naye mezani nikichezea chakula. Nilipika uongo wa kila aina. Labda mkereza alikosea. Labda ekseli ya zamani ilirefuka kwa joto. Nilitafuta njia ya kutoka kwenye simu ya mama, nikasoma mpaka macho yakauma, na kila mara nilipoisikia sauti ya mabuti yake nilijifanya nasoma Historia.

Jumapili alirudi kutoka kanisani, akaja uani kabla hajabadilisha gauni. Aliinama kuigusa ekseli kwa kidole. "Uzuri wake," alisema. "Babu yako angeona."

Hilo ndilo lililonivunja.

"Shangazi, ni fupi."

"Fupi kiasi gani?"

"Sentimita tatu."

Alisimama wima. Mashuka ya jirani yalikuwa yanapigapiga kwenye kamba. "Umejua lini?"

"Jumatano."

"Leo ni siku gani?"

"Jumapili."

"Kwa hiyo siku nne ulikaa mezani na mimi, unakula, na unajua?"

"Sikula vizuri, Shangazi."

"Hilo ni kweli," mama aliitikia kutoka dirisha la jikoni. "Hajala huyo. Nilidhani ni minyoo."

Ilibidi nieleze habari ya tepu. Mama alitoka nayo mwenyewe, akifuta mikono kwenye kitenge, akailaza juu ya ekseli ya zamani sambamba na ile yangu ya chuma. Pale ya chuma iliposema mia moja arobaini na nane, ya njano ilisema mia moja arobaini na tano.

"Imevutika," mama alisema, bila mshangao wowote. "Nimekuja nayo toka Morogoro, mbona najua? Nampima mteja kwa hii, nakata kitambaa kwa hii, gauni linamkaa. Ndiyo maana siiazimishi. Na wewe ungepima huku na kule kwa hiihii, ingekukaa."

Shangazi alikuwa ameshaanza kutikisika mabega. "Ngoja kwanza, wifi. Kwa hiyo kiuno changu ni kikubwa kuliko ulivyoniambia miaka yote hii?"

"Mimi sikusema kitu. Tepu ndiyo imesema."

Walicheka mpaka shangazi akashikilia madigadi. Mimi nilikuwa nalia, na sikujua kama naruhusiwa kuacha. Kisha akajifuta macho, akanigeukia, uso umerudi mahali pake.

"Haya. Tepu imejieleza, mama yako amejieleza. Wewe unasemaje? Ekseli ni yako."

Nikavuta kamasi, nikasema. Tusiikate tena, kila kuchomelea kungeongeza udhaifu. Kuna mabamba ya kuweka kati ya ekseli na rimu ili kusogeza gurudumu nje, lakini yanataka bolti ndefu, na bolti ndefu zingepinda pale anapoachia klachi. Kilichobaki ni rimu zenyewe. Rimu zetu zilikuwa za chuma. Kitako cha katikati kinaweza kukatwa na kuchomelewa upya, kusogezwa sentimita moja na nusu, gurudumu likakaa palepale lilipokuwa zamani. Kulikuwa na mzee mmoja kusini ya mji aliyefanya kazi hiyo tangu ujana wake. Anwani nilikuwa nayo mfukoni tangu Ijumaa.

"Na ekseli fupi," nikaongeza, "ni ngumu kupinda kuliko ndefu."

"Hapo unajitetea."

"Ndiyo, Shangazi."

"Lete hiyo anwani."

Jumamosi ya mashindano kulikuwa na jua kali na upepo baridi wa kumaliza kipupwe, vumbi la migodini likitia manjano kwenye kila kioo. Bwana Mutiso alikuja na trela. Nilitegemea hatakuja nalo, kwa adabu, lakini alikuja nalo, limefagiliwa, kamba mpya zimekunjwa juu yake. Alinisalimia, "Sasa kijana, leo iko aje?" nikaitikia kwa kichwa tu. Sikuweza kuondoa macho kwenye zile kamba.

Shangazi aliingia kwenye mstari. Nyuma, kati ya magurudumu, lile tumbo la kijivu la lori lilionekana wazi, na mmoja wa wale wanaume akaliona.

"Sista! Umelivua basi difu yake?"

Kicheko. Nilishika waya wa uzio. Sikutazama taa wala shangazi, nilitazama tairi la nyuma la kulia peke yake. Injini ikapanda, sauti ikaingia kifuani mwangu na kukaa, kisha taa ikawa kijani na akaachia klachi. Niliona tairi likijikunja pembeni kama uso wa mtu anayenyanyua gunia. Lilishika. Gari lilichuchumaa nyuma, pua ikainuka, na nikasubiri misumari. Nilisubiri kwa mwili wote. Gari likaondoka, gia ya pili, ya tatu, likawa dogo, likawa sauti tu, na misumari haikuja.

Alikimbia mara tatu siku ile. Ya kwanza alishinda, ya pili alishinda. Ya tatu alishindwa na kijana mmoja kwa urefu wa boneti, na akashuka akiwa na uso wa mtu aliyeshinda zote. Yule mwanaume wa uzioni alimfuata, akavua kofia. "Eish, Sista. Leo basi limewahi." Halafu akainama kutazama chini ya gari. "Nani kakuchagulia hii kitu?"

Shangazi hakujibu. Alinyoosha kidole.

Nimetunza kidole kile mpaka leo. Sijui niseme nini zaidi kuhusu fahari.

Bwana Mutiso alifunga mlango wa trela lake tupu. Alikuja kwangu, akaufuta mkono wake kwa leso, akanipa. "Wewe ndio umeninyima gari," alisema. "Hongera, bwana." Hakuna mtu aliyewahi kuniita bwana. Tulirudi nyumbani tukiliendesha, si kulivuta, tukasimama kwenye kila robot, yaani taa za barabarani, kama watu wengine, tukaupanda mlima wa Observatory kwa gia ya pili, na tulipofika niliingia chini na kuweka kiganja juu ya lile tumbo la ekseli. Lilikuwa na joto, kama mkate uliotoka kununuliwa.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba shangazi aliniachia kazi ile kwa sababu ya daftari langu, kwa rula na kalamu nyekundu. Mwaka jana tu ndipo nilipomwuliza, tukiwa tunamenya viazi. Alishangaa.

"Daftari gani? Ulikuwa hujaandika hata neno moja siku ile. Ulikuwa unakula uji." Akatupa kiazi kwenye maji. "Watu wote waliniambia nipunguze. Kaka yangu, mafundi, mama yako. Wewe uliuliza inabebwa na kitu gani. Basi nikasema, huyu ndiye nitakayekwenda naye."

Nilifikiria jambo hilo siku nyingi. Nilimfikiria babu na koti lake nyuma ya usukani usiokwenda popote, na shangazi akisukuma gari huku anacheka ili wanaume wasione alivyoumia. Nilidhani nilikuwa naokoa gari. Sikujua kwamba nilikuwa nimemwambia mtu mzima, bila kukusudia na uji ukiwa mdomoni, kwamba hakuwa amezidi, wala hakuhitaji kujipunguza.

Gari bado liko gereji. Ekseli ni ileile. Nilipomaliza difu ya jirani wiki iliyopita niligundua nimeifunga sili, ile raba ya kuzuia oili, kinyume, nikaenda kumgongea mlango kabla sijanawa mikono. Bado ni mtu wa wasiwasi, na geti bado narudi kulitazama. Lakini tepu yangu ni ya chuma, ya mama siigusi, na nikikosea ninasema siku hiyohiyo.